Bisisi na Kichupa cha Mate
Mtu wa Nyakakika, Karagwe, akizungumza na jirani zake Wahaya, neno bisisi halihitaji tafsiri: aliyelala kwanza na mwanamke baada ya kujifungua ndiye alihesabiwa baba wa mtoto anayefuata, hata mbegu ikiwa ya mwingine. (Watafiti Cory na Hartnoll waliiandika mila hiyo mwaka 1945.) Leo mtoto wa mbegu ya mchangiaji, Uingereza, anatema mate kichupani, anayatuma kwa posta kwenye kanzidata ya vinasaba, na simu inamletea ndugu. Kwetu Tanzania, sheria ya vinasaba ya 2009 hairuhusu kwenda kupima kwa Mkemia Mkuu kienyeji. Lazima upitie mamlaka kama mahakama, wakili au ustawi wa jamii. Lakini Nanyuki, Kenya, baadhi ya watoto wa askari wa Uingereza wamewapata baba zao kwa kanzidata hizohizo. Baba hajapima; binamu yake katosha.