Kadi mkononi, jina halimo orodhani



Jumamosi iliyopita, baada ya darasa la akina mama hapa msikitini kwetu Mwembesongo, mama mmoja wa makamo alifungua pochi yake akatuonesha kadi ya mpiga kura, imefungwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni. "Mimi nilikwisha kujiandikisha zamani, ustadhi," alisema. "Hayo matangazo yenu ni ya vijana."

Tukamweleza kwa upole kwamba kadi ile ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lililo chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, nayo ni ya kumchagulia Rais, mbunge na diwani. Uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa tarehe 27 Novemba mwaka huu wa 2024 uko chini ya TAMISEMI na una orodha yake. Anayetaka kupiga kura siku hiyo hana budi kuandikwa upya katika mtaa anaoishi, hata kama anayo kadi. Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kituo kiko wapi?" Siku hiyo hiyo akaenda.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu muda umekwisha. Uandikishaji ulianza Ijumaa ya tarehe 11 Oktoba na unafungwa Jumapili hii, tarehe 20. Masharti yake ni mepesi: uwe raia wa Tanzania, umetimiza miaka 18, una akili timamu, na ni mkazi wa mtaa huo. Hakuna ada, wala hakuna anayepaswa kukuuliza chama chako.

Wapo wanaosema mtaa ni jambo dogo, uchaguzi wenyewe ni wa Rais. Ndugu zetu hao na watazame wanakokwenda wanapofikwa na shida. Mjane anayefuatilia mirathi katika Mahakama ya Mwanzo huanza kwa kutafuta barua ya utambulisho mtaani. Vijana wanaoomba mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, hupita mtaani. Kaya maskini zinapotambuliwa kwa ajili ya TASAF, kazi hiyo hufanyika mtaani. Na mvua inaponyesha Uluguru, maji yakashuka na kukuta mitaro imejaa taka, mtu wa kwanza kugongewa mlango si mbunge, ni mwenyekiti wa mtaa. Mtu huyo ndiye tunayemchagua, kwa miaka mitano.

Kazi ya kuwahimiza wananchi kushiriki bila kuwaelekeza wamchague nani si ngeni nchini. Mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, makundi ya kiraia yalianza kujipanga. Mwaka 1994 iliundwa TEMCO, yenye makao yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kazi ya kuangalia uchaguzi. Baraza la Wanawake Tanzania, BAWATA, chini ya Profesa Anna Tibaijuka, lilifundisha wanawake thamani ya kura kuelekea uchaguzi wa 1995. Serikali ikadai kuwa baraza hilo linaendeshwa kama chama cha siasa, na mwaka 1997 likafutiwa usajili. Akina mama wale walikana dai hilo, wakaenda Mahakama Kuu. Hukumu iliyowapa haki ilitoka mwaka 2009, miaka 12 baadaye, wakati baraza lenyewe lilikwisha kudhoofika. Funzo tulilolichukua ni kwamba mpaka kati ya kuelimisha na kupiga kampeni unatazamwa na macho mengi. Anayefanya kazi hii, hata akiwa na nia safi, na aulinde mpaka huo kwa vitendo vinavyoonekana.

Ndiyo maana kamati yetu, kabla ya kutoa tangazo la kwanza, ilikaa na kuandika taratibu zake katika muhtasari. Msemaji wetu hatataja chama wala mgombea. Mwenye uongozi katika chama chochote hatakuwa miongoni mwa wanaopita nyumba kwa nyumba. Hatutapokea kitu kutoka kwa anayetafuta nafasi.

Hili la tatu lilitujaribu mapema. Pampu ya kisima cha msikiti imeungua, na kwa wiki kadhaa tumekuwa tukibeba maji ya udhu kwa ndoo. Akaja mtu mwenye nia ya kugombea, mwenye adabu na mcheshi, akaahidi pampu mpya. Aliomba tu apewe dakika mbili za salamu baada ya swala ya Ijumaa. Hatutaficha kwamba kikao kiligawanyika. Wapo waliosema maji ni dharura na dakika mbili si kitu. Mzee wetu mmoja akauliza, "Na wa pili akija na mkeka, naye tutampa ngapi?" Tulimshukuru mgeni wetu, tukamrudisha na ahadi yake. Ndoo tunazibeba hadi leo. Lakini waumini wa vyama vyote wanaswali safu moja, na tukiwaambia wakajiandikishe hakuna anayejiuliza tumetumwa na nani.

Tumekutana pia na waliokata tamaa. Wanatukumbusha mwaka 2019, vyama kadhaa vya upinzani vilipojitoa na wagombea wengi wakapita bila kupingwa. Hatuwezi kuwakejeli, wala kuwaahidi tusichokimiliki. Tunachowaambia ni hiki: asiyejiandikisha amekwisha kuamua kabla ya kura. Aliyejiandikisha anaweza kuikagua orodha inapobandikwa, akapinga jina la asiye mkazi, akafika kituoni, na akiona kasoro akalalamika kwa njia ya sheria akiwa na pa kusimamia.

Neno kwa wenye familia. Baadhi ya dada zetu wametuambia wanangoja ruhusa, wengine wanangoja kuambiwa wamchague nani. Ndugu mume, jina la mkeo haliandikwi kupitia kwako, na kura yake ni amana aliyopewa yeye. Mshikie mtoto, mpe nafasi aende, kisha usimuulize alichokiamua. Na kijana aliyetimiza miaka 18 mwaka huu asindikizwe na mzazi wake, kama alivyosindikizwa madrasa siku ya kwanza.

Dini yetu imeisifu shura na imetuamrisha kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki. Shura haiishi siku ya kura. Mikutano ya wakazi ikiitishwa baada ya Novemba, twende, tusikilize taarifa ya mapato na matumizi ikisomwa, na tuulize kwa adabu.

Kwa leo, msomaji wetu, hesabu walio nyumbani mwako waliotimiza umri. Ambaye jina lake halijaandikwa, kesho asubuhi mwende pamoja. Jumapili jioni itakuwa tumechelewa.

Wabillahi tawfiq.