Bima: Kesi ya Ngedere, Hakimu Nyani!

Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku. Walalahoi wakabaki na majivu. Sasa chukulia duka lako lingekuwa na bima. Anakuja bwana na kalamu kukadiria hasara. Katumwa na nani? Kampuni ya bima. Analipwa na nani? Kampuni hiyo hiyo!

Mali ya milioni 10 uliikatia bima ya milioni 5 tu. Ikiungua nusu yake, utaambiwa chukua milioni 2.5. Kifungu kimo mkatabani, kwa herufi ndogo kama chawa.

Marekani, katika majimbo mengi, mwenye mali huajiri mkadiriaji wake na kumlipa asilimia ya fidia. Nasi tuamke! Tafuta mjuzi wako, mpatane malipo kwa maandishi mapema. Risiti usizilaze dukani. Njaa ya leo isikufanye usaini kwamba umeridhika. Ukipunjwa, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na sheria ya 2009.

Ada ulilipa bila kuomba punguzo. Fidia nayo usiipokee kama sadaka!