Deni la Montreal kwa Griffintown

Mwishoni mwa mwaka 2019, meya wa Montreal, Bi Valérie Plante, alipotangaza ya kuwa stesheni mpya ya reli iliyopangwa kujengwa katika mtaa wa Griffintown ingepewa jina la marehemu Bernard Landry, aliyekuwa waziri mkuu wa jimbo la Quebec tangu 2001 hata 2003, watu wa asili ya Ayalandi katika mji ule waliinuka kwa malalamiko makali. Wengi walistaajabu kuona jamaa waliokwisha tawanyika, ambao watoto na wajukuu wao wameweka maskani katika vitongoji vya mbali, na aghalabu hawajalala Griffintown hata usiku mmoja, wakilitetea jina la kituo cha gari la moshi kana kwamba wanalitetea kaburi la mzazi. Ubishi ule ulimalizika katikati ya mwaka 2020 kwa suluhu: stesheni ikapewa majina mawili kwa pamoja, Griffintown–Bernard-Landry, na pande zote mbili zikanyamaza. Lakini suala lililokuwa chini ya ubishi halikuguswa, nalo ni hili: mji ambao kwa sheria zake wenyewe umewaondoshea watu mahali pa kukaa, unawiwa nini na watu hao baada ya wao kutokuwapo tena?

Nasema kwa sheria zake wenyewe, na kauli hiyo ndiyo nitakayoithibitisha, kwa sababu desturi ya wanaosimulia habari za Griffintown ni kusema kwamba mtaa ulififia kama yafifiavyo mambo yote ya dunia, jambo ambalo si kweli, au tuseme kwa insafu kwamba ni nusu ya ukweli.

Ardhi ile, iliyoko kusini-magharibi mwa mji wa kale, ilikuwa mali ya masista wa hospitali ya Hôtel-Dieu, nao waliikodisha kwa miaka 99 kwa mfanyabiashara mmoja jina lake Thomas McCord. McCord aliposafiri kwenda Ayalandi kwa shughuli zake, mshirika wake, pasipo idhini, aliuza haki ile ya upangaji kwa Mary Griffin, na bibi huyu mwaka 1804 akamwajiri mpima ardhi, Louis Charland, aikate viwanja na kuichorea barabara. McCord alirudi, akashitaki, na baada ya miaka mingi mahakama ikampa haki yake, ila jina la Griffin lilikuwa limekwisha kushika katika vinywa vya watu. Na barabara iliyoitwa McCord, ambayo ilikuwa kumbukumbu ya mshindi wa kesi, ilikuja kubadilishwa jina. Basi ni mtaa ambao tangu mwanzo hatima yake iliamuliwa kwa karatasi zilizotiwa sahihi na watu wasioishi ndani yake.

Waayalandi waliujaza kwa sababu ya kazi. Mfereji wa Lachine, uliokusudiwa kuvipisha vyombo kando ya maporomoko ya maji ya Mto Saint Lawrence, ulichimbwa tangu 1821 mpaka 1825, na mikono iliyoshika sururu na koleo ilikuwa mingi ya Waayalandi. Ulipopanuliwa katika miaka ya 1840 walikuja wengine, wakakuta ujira umepunguzwa na mara nyingine unalipwa kwa bidhaa za duka la mwajiri badala ya fedha, wakagoma mwaka 1843, na Waayalandi wa Cork na wa Connaught, ambao njaa ya kazi ilikuwa imewagombanisha wao kwa wao, wakasimama bega kwa bega mbele ya askari. Maji ya mfereji yakaanza kuendesha vinu vya ngano, viwanda vya misumari na karakana za chuma. Mwenye kiwanda akajenga kando ya maji, na mfanyakazi, ambaye hakuwa na nauli wala farasi, akapanga chumba karibu na king'ora kimwitacho alfajiri.

Kisha ukaja mwaka 1847. Viazi, chakula cha maskini wa Ayalandi, vilikuwa vimeoza mashambani kwa ugonjwa, na mwaka ule peke yake watu wapatao laki moja walipakiwa katika merikebu kuelekea makoloni ya Kiingereza ya kaskazini mwa Amerika, wakiwa wamebanana chini ya sitaha pamoja na chawa walioeneza homa ambayo mabaharia waliiita homa ya meli. Huko Montreal walijengewa mabanda ya mbao kando ya mto, mahali paitwapo Pointe-Saint-Charles, na humo walikufa kwa maelfu. Watawa waitwao Masista wa Kijivu waliwauguza, na baadhi yao wakafa kwa homa ile ile. Meya wa mji, John Easton Mills, aliyekwenda mwenyewe mabandani kuwahudumia wagonjwa, naye alifariki mwezi wa Novemba. Familia za Wakanada wasemao Kifaransa ziliwapokea mayatima wengi na kuwalea kama watoto wa nyumbani. Nataja mambo haya kwa sababu siku hizi hadithi ya Waayalandi wa Montreal husimuliwa kana kwamba ni mali ya kabila moja, hali fadhila ile ilikuwa ya mji mzima.

Mwaka 1859, wafanyakazi waliokuwa wakijenga daraja la Victoria, wengi wao wakiwa Waayalandi, walilitoa mtoni jabali la uzito wa karibu tani 30, wakalisimamisha juu ya makaburi ya halaiki ya wafu hao wa 1847 na kuchonga maneno ya kuihifadhi isinajisiwe mifupa ya wahajiri 6,000 waliozikwa hapo. Hawakuwa matajiri, wala hawakuwa na mamlaka yoyote juu ya ardhi. Walikuwa na jiwe na nyundo. Mwaka 1900 kampuni ya reli ililihamisha jiwe lile, na ilichukua zaidi ya miaka 10 ya madai kulirudisha. Leo limesimama katikati ya barabara, magari yakipita kulia na kushoto kuelekea darajani, na mwaka ule ule wa 2019, wakati stesheni ilipokuwa ikitafutiwa jina, kazi za kujenga reli ya stesheni hiyo zilifukua mifupa ya watu karibu na jiwe.

Nisingependa msomaji adhani kwamba Griffintown ilikuwa pepo iliyoharibiwa. Mwaka 1897 Herbert Brown Ames, mtoto wa tajiri wa viatu, alichapisha kitabu juu ya sehemu hii ya Montreal iliyo chini ya kilima, baada ya kuikagua nyumba kwa nyumba, na alilolikuta linatia haya: nyumba nyingi mno hazikuwa na choo cha maji ila shimo uani, na shimo moja lilihudumia familia kadhaa, nyumba nyingine zilijengwa nyuma ya nyumba, katika ua usiopata jua, vifo vya watoto vilikuwa vingi kupita vitongoji vya juu. Ames hakuishia kulalamika. Alijenga nyumba za mfano katika barabara ya William, kuonyesha kwamba mfanyakazi aweza kupewa makao safi kwa kodi anayoimudu na mwenye nyumba asipate hasara. Mafuriko yalikuwa jambo la karibu kila masika, na yale ya 1886 yaliingia majumbani kiasi cha watu kutembea kwa mashua barabarani. Pia si Waayalandi peke yao waliokaa pale: Wakanada wa asili ya Kifaransa walikuwa wengi, na baadaye Wataliano na watu wa Ulaya ya Mashariki.

Hata hivyo, katika dhiki hiyo watu walijenga jamii. Kanisa la Mtakatifu Anna, lililofunguliwa mwaka 1854, lilikuwa moyo wa parokia, na pamoja nalo zilikuwapo shule, vilabu vya michezo, vyama vya kuzikana na vikundi vya tamthilia. Inanisikitisha kwamba katika yote hayo, jambo ambalo mji umelihifadhi kwa urahisi kuliko mengine ni mzimu wa Mary Gallagher, mwanamke aliyeuawa na kukatwa kichwa mwezi wa Juni 1879, ambaye inasemekana hurudi kila baada ya miaka 7 penye pembe ya barabara za William na Murray kukitafuta kichwa chake. Watu hukusanyika kumngojea. Ingefaa wajue pia ni kodi kiasi gani ililipwa na majirani zake kwa vyumba visivyo na maji.

Sasa tuje kwenye kiini. Baada ya vita vikuu vya pili, vijana wenye kazi nzuri walihamia vitongoji vya Verdun na Notre-Dame-de-Grâce kutafuta bafu na bustani, na hakuna mwenye akili atakayewalaumu. Mwaka 1959 ilifunguliwa njia mpya ya meli katika Mto Saint Lawrence, mfereji wa Lachine ukapoteza kazi, na viwanda vikaanza kufunga milango. Hizo ndizo sababu zinazotajwa na wale wasemao kwamba mtaa ulikufa wenyewe, nazo ni sababu za kweli. Lakini mwaka 1963 baraza la jiji lilibadilisha matumizi ya ardhi ya Griffintown, likaifanya kuwa eneo la viwanda vyepesi, na tangu hapo nyumba mpya ya kuishi haikuruhusiwa kujengwa. Tafakari maana yake kwa mtu aliyetaka kubaki. Nyumba yake ikiungua, haijengwi nyingine. Mwenye mali hana tena sababu ya kuezeka upya paa, kwa kuwa kiwanja kina thamani zaidi kikiwa tupu. Benki hazina hamu ya kukopesha. Shule inakosa watoto. Mtu hafukuzwi kwa fimbo, ila kila mlango wa kukaa unafungwa mmoja baada ya mwingine mpaka anaondoka kwa miguu yake mwenyewe, na baadaye huandikwa kwamba aliondoka kwa hiari.

Mwaka uliofuata, jirani ya mtaa huo, Goose Village ilibomolewa yote, familia zaidi ya 300 zikatolewa, kisha pakajengwa uwanja wa michezo kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya 1967, uwanja ambao haukudumu hata miaka 20. Kabla ya tingatinga kuingia, jiji liliwatuma wapiga picha, na katika picha za mitaa iliyobomolewa zama hizo, ambazo bado zimo katika hifadhi ya nyaraka ya jiji, huonekana mtu wa manispaa amesimama mbele ya ukuta, au hata ndani ya ua, ameshika kibao chenye namba, na mahali pengine wenyeji wanatazama kutoka dirishani. Barabara kuu ya Bonaventure ikapitishwa ukingoni mwa Griffintown kwa ajili ya maonyesho hayo hayo. Mwaka 1970 kanisa la Mtakatifu Anna, lililokosa waumini kwa kuwa waumini walikosa nyumba, lilivunjwa. Leo pale ni bustani. Misingi ya kanisa inaonekana ardhini, na mabenchi yamepangwa kama vilivyopangwa viti vya ibada, yakielekea upande ilipokuwa madhabahu.

Halafu sheria ikageuzwa tena. Kuanzia 2008 jiji liliidhinisha mipango mikubwa ya wajenzi wa maghorofa, na ardhi iliyokatazwa nyumba za maskini ikaruhusiwa minara ya makazi ya wenye mishahara minono, inayouzwa kwa jina lile lile la Griffintown, kwa maana jina lina ladha ya historia na ladha hiyo ina bei. Silaumu watu kuishi katika maghorofa hayo. Mji unahitaji nyumba. Ninachokiona ni kwamba kizuizi cha 1963 hakikuwa amri ya maumbile, kwa sababu baraza lililokiweka ndilo lililokiondoa, siku mnunuzi mwingine alipotokea.

Waliolitetea jina la Landry walikuwa na hoja, wala haifai kuipuuza. Alipokuwa waziri wa fedha alisaidia kuvuta makampuni ya teknolojia karibu na mtaa ule uliokuwa magofu, na Quebec ina haki ya kuwaenzi viongozi wake kwa lugha yake. Wapo pia waliosema kwamba Waayalandi wamekwisha kupata heshima yao: jani lao la klova limo katika bendera ya Montreal tangu 1939, na gwaride la Mtakatifu Patrick hupita mjini kila mwaka. Mimi nazikubali hoja zote mbili, na bado naona hazilipi deni. Bendera inawaheshimu Waayalandi kama mojawapo ya mataifa yaliyoujenga mji, na stesheni inamheshimu mwanasiasa. Hakuna kati ya hivyo kinachokiri kwamba mwaka fulani, kwa uamuzi fulani, watu fulani walinyimwa haki ya kujenga upya walipoishi. Ndiyo maana vita vya jina vilikuwa vikali. Wajukuu walikuwa wakidai ungamo, na kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kulidai, walilidai kwenye kibao cha stesheni.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba jina Griffintown lilistahili kubaki peke yake, lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba jiji liandike, katika bustani ya Mtakatifu Anna na katika stesheni, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, mwaka 1963 na jambo lililoamuliwa mwaka huo, kwa maneno ya wazi kama yale ya wachonga jiwe wa 1859. Na kwamba katika kila mpango mpya wa ardhi ile sehemu ya nyumba iwe ya kodi ambayo mfanyakazi wa leo anaimudu, kama Ames alivyoonyesha kwamba inawezekana.

Wako leo Montreal wasemao Kiswahili, waliofika kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, wanaopanga vyumba karibu na kazi zao kama Waayalandi walivyofanya kando ya mfereji. Kwao nina ombi moja: baraza la jiji likitangaza kubadilisha matumizi ya ardhi ya mtaa mnaokaa, nendeni mkaisome ile ramani na mkaulize maswali kabla haijapitishwa.