Dakika za uwanjani ni ujira wa mchezaji

Kila mwaka, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Januari, mamilioni ya Wamarekani hushikwa na homa ya mpira wa vyuo vikuu. Hatuzungumzii kandanda tuijuayo sisi, bali ule mchezo wao wa mpira wenye umbo la yai, unaochezwa zaidi kwa mikono. Uwanja wetu wa Benjamin Mkapa huchukua watu 60,000. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan una nafasi za watu zaidi ya 107,000, nao ni mali ya chuo, si ya klabu ya kulipwa. Na katika viwanja hivyo hasira kubwa kuliko zote huzuka juu ya jambo moja: kwa nini kocha amempanga fulani na kumkalisha fulani benchi.

Msomaji aliyezoea zogo la majukwaani katika pambano la Simba na Yanga atasema kwamba hasira hiyo anaifahamu. Anaifahamu nusu tu. Mchezaji wa Simba au Yanga ni mfanyakazi mwenye mkataba wa kazi. Akikalishwa benchi msimu mzima, bado anayo haki ya kudai mshahara wake. Mchezaji wa chuo cha Marekani hakuwa na haki hiyo kwa muda wote wa karne iliyopita. Alilipiwa masomo, chakula na malazi, basi. Malipo ya kweli ya jasho lake yalikuwa dakika alizopewa uwanjani, kwa sababu ni kwa dakika hizo tu ndipo macho ya ligi ya kulipwa, NFL, yangemwona. Ligi hiyo nayo haimpokei kijana mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari. Njia ni moja, na mlinzi wa lango ni mmoja: kocha wa chuo.

Kwa hiyo kocha anapoamua nani acheze, hapangi timu tu. Anagawa ujira. Mashabiki wanaomzomea kocha, na wale wanaomtetea, wote wawili wanabishana juu ya ushindi wa Jumamosi, na wote wawili wanamsahau mwenye jasho.

Tuchukue mfano ulio wazi. Tarehe 8 Januari 2018, mjini Atlanta, Chuo Kikuu cha Alabama kilikuwa kikicheza fainali ya taifa dhidi ya Georgia. Hadi mapumziko Alabama ilikuwa nyuma kwa pointi 13 kwa 0. Kocha Nick Saban alimtoa Jalen Hurts, kijana wa miaka 19 aliyekuwa ameiongoza timu hiyo kwa misimu miwili katika nafasi wanayoiita kwotabeki, yaani mwongozaji wa mashambulizi na mrushaji wa mpira. Akamwingiza Tua Tagovailoa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alabama ikashinda kwa pointi 26 kwa 23 katika muda wa nyongeza, kwa mpira ambao Tagovailoa aliurusha yadi 41 hadi mikononi mwa DeVonta Smith.

Je, Saban alikosea? La hasha. Kombe lilimjibia. Hurts alikuwa ameanza michezo 28, na timu yake ilishinda 26 kati ya hiyo. Lakini usiku ule alikuwa ameshindwa kupenya ukuta wa Georgia, na kocha ana haki ya kubadilisha mchezaji. Anayedai kwamba timu ipangwe kwa kura za jukwaani anataka vurugu, wala si demokrasia. Mshabiki haoni mazoezi ya wiki nzima, hajui nani anaumwa goti wala nani hakusoma mpango wa mchezo.

Lakini tazama yaliyofuata. Miezi mingi mashabiki wa Alabama waligawanyika makundi mawili, hawa wa Hurts na hawa wa Tagovailoa. Mwanzoni mwa Septemba 2018, baada ya ushindi wa kwanza wa msimu, mwandishi wa televisheni alipomwuliza Saban juu ya vijana hao wawili, kocha alimjibu kwa ukali mbele ya taifa zima. Baadaye ilimbidi aombe radhi. Na mwezi mmoja kabla ya hapo, Hurts mwenyewe alikuwa amewaambia waandishi kwamba kwa muda wote huo hakuna mtu aliyemfuata kumwuliza anajisikiaje, na makocha wake walikuwa miongoni mwa hao wasiomwuliza. Hapo ndipo penye ubaya wenyewe. Kila mtu alikuwa na maoni juu ya nafasi ya kijana yule. Aliyeikosa nafasi hakuulizwa neno.

Tarehe 1 Desemba 2018, katika uwanja ule ule wa Atlanta na dhidi ya Georgia ile ile, Tagovailoa aliumia. Hurts aliingia timu ikiwa nyuma, akaishindia Alabama kwa pointi 35 kwa 28. Mashabiki wakamwimbia sifa za uaminifu. Akahitimu, akahamia Oklahoma, na Februari 2025 akatwaa ubingwa wa NFL na Philadelphia Eagles, akiwa mchezaji bora wa fainali hiyo.

Sasa mlinganishe na Kelly Bryant wa Chuo Kikuu cha Clemson. Mwaka 2017 aliiongoza timu yake kutwaa ubingwa wa kanda na kuingia katika hatua ya mwisho ya mashindano ya taifa. Septemba 2018, timu ikiwa imeshinda michezo yote 4 ya mwanzo, kocha Dabo Swinney alitangaza kwamba kuanzia hapo Trevor Lawrence, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndiye atakayeanza. Bryant aliondoka siku chache baadaye. Sababu ilikuwa ya hesabu tu. Mchezaji ana misimu 4 ya kucheza, na kanuni iliyoanza mwaka huo ilisema kwamba aliyecheza michezo isiyozidi 4 hapotezi msimu wake. Mchezo wa tano ungemla mwaka mzima. Kwa uamuzi huo wapo mashabiki waliomwita msaliti aliyewakimbia wenzake.

Msaliti! Neno hilo lingefaa kupimwa kwa kipimo kimoja kwa wote. Desemba 2006 Nick Saban, akiwa kocha wa klabu ya kulipwa ya Miami Dolphins, aliwaambia waandishi kwamba hatakuwa kocha wa Alabama. Wiki mbili baadaye alikuwa kocha wa Alabama. Hakuna aliyemlazimisha kukaa nje mwaka mmoja kabla ya kuanza kazi mpya. Mchezaji wa mpira huo aliyetaka kuhama chuo, hadi kanuni ilipobadilishwa mwaka 2021, alilazimika kukaa mwaka mzima bila kucheza, isipokuwa awe amekwisha hitimu au apewe ruhusa maalumu. Mwenye mamilioni alikuwa huru, asiye na mshahara alifungwa kamba. Huko tunakuitaje kama si unyonyaji?

Na mamilioni si neno la kupamba habari. Aprili 2019, miezi 3 baada ya Clemson kutwaa ubingwa, Swinney alitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 93. Novemba 2023 Chuo Kikuu cha Texas A&M kilimfukuza kocha Jimbo Fisher, kikabaki na deni la kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Mashabiki walikuwa wamechoka naye, na matajiri wanaofadhili timu walikuwa wamechoka naye. Hasira yao ilimtajirisha yule waliyemkasirikia. Mchezaji aliyekalishwa benchi na kocha huyo, naye akaondoka, hakuandikiwa hundi ya namna hiyo.

Hali hii haikuanguka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1950 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilibuni jina la “mwanafunzi-mwanamichezo”, na mkuu wake wa wakati huo, Walter Byers, alieleza baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1995 jinsi jina hilo lilivyotumika kukwepa sheria za fidia za wafanyakazi. Mwaka 1955 mchezaji mmoja wa chuo cha Colorado alikufa kwa jeraha la uwanjani. Mjane wake alidai fidia. Mwaka 1957 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikamnyima, kwa hoja kwamba marehemu hakuwa mfanyakazi. Jina zuri lilifanya kazi yake.

Aidha, swali la nani acheze lina historia ya rangi ambayo shabiki mwaminifu hawezi kuifumbia macho. Alabama hiyo hiyo ndiko gavana George Wallace aliposimama mlangoni pa chuo mwaka 1963 kuwazuia wanafunzi weusi. Hadi Septemba 1970 timu yake ilikuwa ya Wazungu watupu uwanjani, ilipofungwa nyumbani, mjini Birmingham, kwa pointi 42 kwa 21 na timu ya Kusini mwa California iliyokuwa na mtu mweusi aitwaye Sam Cunningham, ambaye usiku ule hakushikika. Wilbur Jackson, mtu mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa kuchezea Alabama, aliingia timu kubwa mwaka 1971. Kabla yake watu weusi wote wa jimbo hilo walikuwa wamekalishwa benchi, na majukwaa hayakuzomea. Leo wengi wa wachezaji wa vyuo vikubwa ni vijana weusi, na wengi wa makocha wakuu ni Wazungu. Rangi za uwanjani zimebadilika; mwenye kauli ya mwisho amebadilika kidogo sana.

Wapo watakaosema kwamba mshabiki hulipa kiingilio, kwa hiyo ana haki ya kupiga kelele. Ni kweli, apige. Lakini tangu Mei 2018, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyafungulia majimbo mlango wa kuruhusu kamari ya michezo, sauti nyingine imeingia jukwaani: ya mtu aliyeweka fedha zake rehani kwa mkono wa kijana wa miaka 19. Huyo hapiganii timu wala chuo. Anapigania tiketi yake ya kamari, na hasira yake haistahili heshima ya kuitwa ushabiki.

Wapo pia watakaosema kwamba mambo yamekwisha, maana wachezaji sasa wanalipwa. Ni kweli kwamba Juni 2021 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu waliamua dhidi ya NCAA, na mwezi uliofuata wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao. Ni kweli pia kwamba tarehe 6 Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoruhusu kila chuo kugawa kwa wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza. Hayo ni matunda ya mapambano, nasi twayapongeza. Lakini kulipwa si sawa na kuwa na sauti. Wachezaji wa chuo cha Northwestern walipotaka kuunda chama cha wafanyakazi mwaka 2014, ofisa wa serikali wa mahusiano ya kazi aliwakubalia kwamba wao ni wafanyakazi, nao wakapiga kura. Kura zile zilifungiwa. Agosti 2015 bodi ya taifa ikakataa kuishughulikia kesi yao, na kura hazikuhesabiwa kamwe.

Hata hivyo, mwaka huo huo vijana wa Chuo Kikuu cha Missouri walionyesha nguvu iliyomo mikononi mwao. Wanafunzi weusi walikuwa wakilalamikia ubaguzi bila kusikilizwa. Tarehe 7 Novemba 2015 wachezaji weusi wa timu walitangaza kwamba hawatacheza wala kufanya mazoezi mpaka rais wa chuo aondoke, na kocha wao, Gary Pinkel, akasimama nao. Mchezo mmoja ukivunjwa ungekigharimu chuo dola milioni 1. Siku 2 baadaye rais akajiuzulu. Waliojua thamani ya dakika zao walizitumia kama mfanyakazi anavyotumia mgomo.

Basi mashabiki wa Marekani wanapaswa kudai kitu kikubwa zaidi kuliko kubadilishwa kwa kwotabeki. Wadai chama cha wachezaji kinachotambuliwa kisheria. Wadai mkataba unaomlazimisha kocha kumweleza mchezaji ana kwa ana kwa nini amemwondoa, na mapema kiasi cha kumwezesha kupanga maisha yake. Kocha abaki na haki ya kuchagua, ila haki hiyo iambatane na wajibu wa kujieleza kwa yule anayeumia. Mamlaka yasiyojieleza hayafai kiwandani, hayafai ofisini, wala hayafai uwanjani.

Nasi tusidhani kwamba habari hii ni ya ng'ambo tu. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia mfumo huo huo katika mpira wa kikapu. Aliitumikia timu ya Chuo Kikuu cha Connecticut kwa misimu mitatu bila mshahara, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili katika kugawiwa kwa wachezaji wapya wa NBA, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Kama kocha wake asingempa dakika, kimo chake kingebaki habari ya mtaani kwao. Vijana wetu wanaoota kupita njia hiyo hawana budi kuulizia dakika zao kabla ya kuulizia ukubwa wa uwanja: nani atazigawa, kwa kipimo gani, na yeye mwenyewe atakuwa na kauli gani siku zitakapokatwa. Asiyeuliza hayo mapema atayajulia benchi.