Namba Nzima na Namba Kamili: Majina Mawili na Uhusiano Wake

Katika istilahi za hisabati zinazotumika nchini Tanzania, namba nzima ni 0, 1, 2, 3 na kuendelea. Namba kamili ni hizo pamoja na namba hasi, yaani −1, −2, −3 na kuendelea. Kwa hiyo kila namba nzima ni namba kamili, lakini si kila namba kamili ni namba nzima. Uhusiano huu ni mwepesi kueleza, ila majina yenyewe hayaudhihirishi. Katika lugha ya kila siku, kitu kizima hakijakatwa na kitu kamili hakijapungukiwa. Mwanafunzi wa Tandale au Mbagala atashangaa, basi, kuambiwa kwamba −2, ambayo kwake ni upungufu mtupu, ni kamili.

Wapo wanaouona utata huu kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakijaimudu sayansi. Hoja hiyo haina mashiko. Neno integer la Kiingereza limetokana na Kilatini, ambako maana yake ni kitu kisichoguswa, yaani kizima. Wajerumani nao huziita namba hizo hizo ganze Zahlen, yaani namba nzima. Maana ya istilahi haitokani na mzizi wa neno peke yake; hujengwa na fasili.

Fasili hiyo yaweza kupatikana hata katika daftari la madeni la duka la Tandika. Mteja mwenye shilingi 3,000 achukuapo bidhaa za shilingi 5,000, hesabu ya 3,000 − 5,000 haina jibu miongoni mwa namba nzima. Miongoni mwa namba kamili jibu ni −2,000, nalo ndilo deni. Ukamilifu, basi, si sifa ya namba moja moja bali ya seti: ndani yake kila utoaji una jibu. Kwa kugawanya seti hiyo haijitoshelezi, kwani 1 ÷ 2 hutoka nje yake.

Tangu 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Mtoto wa Kinondoni au Temeke huingia sekondari, anakokutana na Kiingereza, akiwa na dhana alizozipata kwa Kiswahili. Dhana iliyofifia katika lugha aijuayo haing'ai kwa kupewa jina geni. Hapana budi walimu na waandishi wa vitabu waache kuyabadilishana majina haya kiholela, na wafafanue kila moja kwa kulihusisha na lenzake.