Kazi ya mikono: Kiti cha gunia, na kilicho ndani yake



Siku shirika linapokusanyika nyumbani kwako, unafanya nini kwanza? Bila shaka unatuma watoto: "Endeni kwa jirani, muombe viti." Wanarudi na viti viwili vya plastiki na benchi moja inayoyumba. Wazee wanakaa, bamama wanabanana, watoto wanakaa chini. Wageni wakiisha kwenda, viti vinarudi kwa wenyewe, na watoto wanabaki palepale chini.

Tumezoea hivyo. Lakini kwetu sisi tunaokaa karibu na migodi, chini si mahali pazuri pa mtoto. Mwaka 2009 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wale waliokaa karibu na migodi na viwanda vya madini walikutwa na kobalti nyingi, na watoto walizidi wakubwa. Mtoto anacheza chini, anashika vumbi, anatia mkono kinywani. Kiti hakimalizi shida hiyo. Kufagia kwa maji na kunawa mikono kunabaki palepale. Lakini mtoto aliye na mahali pake pa kukaa amekwisha kuinuka kidogo kutoka kwenye vumbi.

Basi mwezi huu tutengeneze kiti cha gunia: kiti cha duara, laini, kisicho na miguu. Mfuko wa nje tunaufuma kwa krosheti. Mfuko wa ndani tunaujaza kitu chepesi. Hakuna seremala, hakuna msumari.

Mimi nilizaliwa Yahuma, katika msitu, magharibi ya Kisangani. Leo ni teritwari ya jimbo la Tshopo, tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 2015. Ukitoka Kisangani unashuka na mto mpaka Isangi, pale Lomami inapoingia katika mto Kongo, halafu unashika njia ya msitu. Huko kwetu hakuna aliyenunua mto wa kulalia dukani. Mama aliokota sufi, akatoa mbegu, akajaza kitambaa. Aliyekosa sufi alichukua maganda ya mpunga. Mpunga ulifika upande wa Kisangani katika karne ya 19, pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili wa wakati wa Tippu Tip, na hata leo unalimwa sana. Mahali panapotwangwa mchele, maganda ni takataka. Sisi tuliyakalia.

Labda kijana fulani atasema: "Mama, hayo ni mambo ya kijijini." Sikiliza basi. Mwaka 1968 mafundi watatu wa mji wa Torino, Italia, majina yao Piero Gatti, Cesare Paolini na Franco Teodoro, walitengeneza kiti cha gunia kwa kampuni ya Zanotta. Wakakiita Sacco, maana yake gunia. Kikapata sifa dunia nzima. Na wazo walilipata wapi? Walieleza kwamba walifikiri juu ya magodoro ya zamani ya wakulima, yaliyojazwa majani makavu. Unaona? Kiti cha matajiri wa Ulaya kilitoka kwenye godoro la mkulima. Usione haya juu ya gunia lako.

TUJAZE NINI?

Waingereza wanakiita kiti hiki "mfuko wa maharagi". Usijaribu! Kiti chetu kina upana wa sentimetri 60 na urefu wa sentimetri 35. Ndani yake zinaingia karibu litri 100. Ukijaza maharagi, ni kilo 75 hivi. Nani atakalia chakula cha miezi mingi, huku fukufuku wakila kutoka ndani? Maganda ya mpunga ya litri 100 ni kilo 10 tu, zaidi kidogo ama kasoro kidogo.

Maganda uyapepete kwanza, vumbi lote litoke, na wewe ufunge kitambaa puani. Halafu uyaanike juani siku tatu, ukiyageuza. Yakiwa na unyevu, yataota ukungu na nyumba itanuka.

Sufi ni laini zaidi. Kila uzi wake uko wazi ndani kama mrija, umejaa hewa, na juu una mafuta kama nta, kwa hiyo haunywi maji upesi. Ndiyo sababu zamani sufi ilijazwa katika majaketi ya kuokolea watu majini. Lakini inawaka moto kwa haraka sana. Kiti cha sufi kisikae karibu na mbabula wala mshumaa.

Ukikosa vyote viwili, kata nguo kuukuu vipande vidogo. Kiti kitakuwa kizito, lakini kitakaa.

KOSA LANGU

Hapa nataka nikuambie jambo lisilonipendeza kulisema.

Nilipofika mara ya kwanza katika mji wa mgodi, nilitaka kumfanyia mtoto wangu kiti kama cha kwetu. Maganda nilipata. Kitambaa kigumu cha mfuko wa ndani sikupata, na franga hazikuwako. Mtu mmoja aliniuzia gunia nzuri, nyeupe, imara, kwa bei ndogo. Maandiko yake yalikuwa yamefutika. Nililikung'uta, nikaliosha mara moja, nikalishona. Nilijisifu kabisa: kwa siku tano kiti kimekwisha!

Mtoto alikipenda. Alikaa, akalala, akaweka uso. Baada ya juma moja mashavu na mapaja yake yalitoka vipele vyekundu, akakuna mpaka damu. Nikampeleka dispanseri. Muuguzi aliuliza chakula, akauliza sabuni, akauliza nguo. Mwishowe akasema: "Mama, hii gunia ilitoka wapi?"

"Niliuziwa na mutu."

"Ilikuwa na nini ndani?"

"Sijue."

Alinitazama, hakunigombeza. Alisema tu: "Mama, kama hujue, usimulalishe mutoto pale."

Nilikwenda nyumbani nikafumua kila kitu. Mfuko wa krosheti niliufua mara tatu. Gunia na maganda nilivizika mbali na kisima, nisimpe mwingine hasara yangu. Vipele viliisha. Mpaka leo sijui gunia lile lilibeba nini. Labda chokaa, labda dawa ya kusafishia madini, labda udongo wa mgodi wenyewe. Fundisho nililopata ni hili: watu wanasifu uzuri wa nje, lakini mtoto analalia kilicho ndani.

Kwa hiyo shika sheria hii ndogo: kila kitu kinachoingia ndani ya kiti, ujue kilitoka wapi na kilibeba nini. Gunia la mgodi, la kiwanda, la mbolea au la dawa, hapana, hata ukipewa bure. Gunia la unga au la mchele, sawa, ukilifua kwa sabuni. Shuka la zamani lililo gumu bado, likunjwe mara mbili, ni zuri zaidi.

Na vile vipunje vyeupe vyepesi vinavyotoka katika makartoni ya televizyo, uviache. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, watoto walifungua zipu ya viti vya namna hii, wakavuta vipunje puani na kooni, na wengine walikufa. Baadaye ikawekwa kanuni kwamba zipu isifunguke kwa vidole vya mtoto. Sisi hatutatia zipu hata kidogo. Tutashona.

MFUKO WA NDANI

Kata duara mbili zenye upana wa sentimetri 64, na ukanda mmoja wenye urefu wa metri 1 na sentimetri 93, upana wa sentimetri 39. Sentimetri 2 za kila upande ni za mshono. Shona yote mara mbili, uache mlango wa mkono. Jaza maganda mpaka yabaki nafasi ya vidole vinne, ili kiti kiweze kufuata mwili. Kisha funga mlango kwa uzi wa nguvu.

MFUKO WA NJE

Uzi: chukua nguo za pamba zilizochakaa, shuka, vipande vya pagne. Kata ukanda wa sentimetri 3, mrefu, kwa kuzunguka nguo bila kukata mpaka mwisho. Shona miisho pamoja, uviringe kama mpira. Nguo nyingi zitahitajika, kwa hiyo anza kukusanya mapema na uombe kwa marafiki.

Krosheti: chonga ya mti mgumu au mwanzi, unene kama kidole kidogo, na kichwa chenye ndoano. Uilainishe vizuri isikamate nguo.

Mshono ni mmoja tu kwa kazi yote. Ingiza krosheti katika mshono wa chini, vuta ukanda utoke: sasa una vitanzi viwili. Kamata ukanda tena, uuvute katika vitanzi vyote viwili: kinabaki kimoja. Basi, umemaliza mshono mmoja.

Duara la chini linakwenda hivi:

Mzunguko wa 1: fanya kitanzi, ndani yake mishono 6.

Mzunguko wa 2: mishono miwili katika kila mshono. Jumla 12.

Mzunguko wa 3: mmoja, halafu miwili mahali pamoja, rudia. Jumla 18.

Mzunguko wa 4: mmoja, mmoja, halafu miwili mahali pamoja, rudia. Jumla 24.

Endelea vilevile. Kila mzunguko unaongeza mishono 6. Funga uzi wa rangi nyingine mahali mzunguko unapoanzia, usipotee. Kama kazi inajikunja juu kama bakuli, umesahau kuongeza. Kama inafanya mawimbi kama kabeji, umezidisha. Usiendelee kwa matumaini: fumua mpaka penye kosa. Kila mzunguko ukiwa na sentimetri 1 na nusu, mzunguko wa 20 utakuwa na mishono 120, na duara litafika sentimetri 60. Pima kwa metri, usikisie.

Sasa acha kuongeza. Zunguka mishono 120 mara 23. Ukuta utasimama wenyewe, karibu sentimetri 35.

Fuma duara la pili kama la kwanza, mizunguko 20. Hilo ndilo kifuniko. Ingiza mfuko wa ndani, weka kifuniko, uzungushe kamba kati ya kifuniko na ukuta kama unavyofunga kiatu. Fundo ulifiche ndani. Siku ya kufua unafungua kamba, unatoa mfuko wa nje, na wa ndani unauanika juani. Fanya hivyo kila mwezi. Kunguni na ukungu hawapendi jua.

Jambo la mwisho juu ya watoto: mtoto mchanga asilazwe juu ya kiti hiki. Ni laini, uso wake unaweza kuzama akakosa pumzi. Kiti ni cha yule anayeweza kukaa na kuinuka mwenyewe.

NANI AFUME?

Vijana wanaume, musiseke. Kule mtoni, Walokele wanasuka nyavu kwa mikono yao, na hakuna anayesema ni kazi ya wanawake. Kijana anayengoja zamu kwenye shimo la almasi upande wa Banalia anaweza kungoja huku anafuma.

Na wala si kazi ya mchezo. Ireland ilipopata njaa kubwa ya viazi, iliyoanza mwaka 1845, masista waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma dantela kwa krosheti. Dantela ziliuzwa, na familia nyingi zilinunua chakula kwa kazi ya ndoano hiyo ndogo. Nawe ukiisha kufanya kiti kimoja cha nyumba yako, bamama wa likelemba yako wataanza kuuliza bei. Uhesabu vizuri nguo, uzi na siku zako, usiuze kwa hasara. Na mnunuzi akiuliza ndani kuna nini, umjibu bila kusita.

Hesabu yenyewe ni hii. Duara la chini mishono 1,260. Ukuta mishono 2,760. Kifuniko 1,260. Jumla 5,280. Ni mingi? Fanya 200 kila jioni, watoto wakiisha kula. Siku ya 27 utafunga kamba ya kifuniko.

Gazeti la mwezi ujao likifika, msomaji, ningependa likukute umekaa. Tena mtoto wako awe kando yako juu ya kiti chake, si chini.