Huruma Katika Maneno Si Woga

Mwanasaikolojia Mmarekani Marshall Rosenberg, aliyefariki mwaka 2015, alifundisha njia ya kusemezana bila kuumizana yenye hatua nne: taja ulichokiona, sema ulivyojisikia, eleza unachohitaji, kisha omba. Wapo wanaoibeza, pamoja na huruma yenyewe, iwe kwa mtu mwingine au kwa nafsi. Hoja zao nne zinastahili majibu.

“Ni kubembelezana tu, ukweli haufiki.”
Kijana amerudi usiku wa manane. Mama anaweza kufoka: “Huna adabu, hujali mtu!” Au aseme: “Mwanangu, umerudi saa sita na simu uliizima. Nimekaa na hofu. Siku nyingine ukiona utachelewa, naomba unipigie kabla ya saa tatu.” Kauli ya kwanza ni hukumu, na kijana ataikatia rufaa kwa kutaja siku zote alizorudi mapema. Ya pili haina pa kubishia: saa zinajulikana, hofu ni ya mama mwenyewe, na ombi liko wazi. Ukweli umefika, tena wote.

“Kumwelewa mtu ni kumkubalia.”
Miaka ya 1970, Harvey Schlossberg, polisi wa New York aliyesomea saikolojia hadi shahada ya uzamivu, alisaidia kubuni mbinu za kuzungumza na watekaji. Kazi kubwa ya mzungumzaji ni kumsikiliza mwenye bunduki hadi hasira ishuke. Hakuna anayemuunga mkono. Lengo ni lilelile, mateka watoke hai na yeye akamatwe.

“Kujihurumia ni kujidekeza.”
Mwaka 2012, watafiti Juliana Breines na Serena Chen wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha majaribio kuhusu jambo hili. Katika mojawapo, wanafunzi waliofanya vibaya kwenye mtihani mgumu wa msamiati, kisha wakaelekezwa wasijilaumu kupita kiasi, walijisomea kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuurudia kuliko wenzao. Haishangazi. Anayejitukana hulikwepa kosa lake kwa kuwa kulitazama kunauma. Anayejiambia kwamba kukosea ni kwa binadamu wote hupata ujasiri wa kuuliza: nimekosea wapi hasa?

“Ni anasa ya Wazungu wenye nafasi.”
Waulize akina bibi wa Harare. Tangu mwaka 2006, chini ya mpango ulioasisiwa na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda, wamefunzwa kuketi kwenye benchi la zahanati na kuwasikiliza waliolemewa na mawazo. Utafiti wa zahanati 24, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika hadi Zanzibar.

Wabezaji wana haki mahali pamoja: hatua hizi zikikaririwa huwa kinyago. Bosi anaweza kusema “nakuelewa” huku mshahara wako akiukalia. Na anayepigwa nyumbani hapaswi kudaiwa huruma kwa anayempiga; kwanza awe salama.

Rosenberg mwenyewe aliacha kipimo cha kuufichua unafiki kama wa bosi huyo: tazama mtu anafanya nini ombi lake likikataliwa. Akiadhibu, hakuwa ameomba. Alikuwa ameamuru kwa sauti laini.